Siyo Kila Kinachomelea ni Kimelea

Kitenzi "mea" kikitiwa katika kauli ya kutendea huwa "melea", yaani kuota juu ya kitu kingine. Kutokana na kitenzi hicho tumepata nomino "kimelea". Mhadhiri wetu wa mofolojia alitupa mfano huu siku moja akiwa anafundisha unyambulishaji wa vitenzi, kisha akaendelea na mifano mingine, kwa sababu kwake ulikuwa mfano mwepesi. Mimi nilibaki nao. Ukilitazama umbo la neno lenyewe, kimelea ni kitu kinachoota juu ya kingine, basi. Hakuna kiambishi kinachosema kwamba kitu hicho kinanyonya. Hata hivyo, mtu akisikia neno kimelea, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwa kupe, kwa minyoo, na kwa yule ndugu aliyekuja mjini kwa wiki mbili akakaa miaka minne.

Nina sababu mbili za kulitafakari neno hili kuliko wenzangu. Ya kwanza ni mmea mdogo ninaoutunza, ambao maisha yake yote huota juu ya mti mwingine. Ya pili ni kwamba mimi mwenyewe naishi kwa shangazi yangu hapa Kampala tangu nilipoanza chuo, na ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye mti mmoja wa bibi. Mmea huo na ada hiyo vilianguka kutoka kwenye mti huohuo, siku hiyohiyo.

Nyumbani kwetu ni Mukono, si mbali sana na msitu wa Mabira ulio kati ya Kampala na Jinja. Bibi, ambaye sisi Waganda tunamwita jjajja, ana shamba la kahawa, migomba na vanila. Pembeni mwa shamba hilo palikuwa na mvule mkubwa. Mvule ni mti unaoweza kupita mita 30 kwa urefu, na mbao zake zinapendwa kwa milango na samani kwa kuwa haziliwi na mchwa upesi. Nilipopata nafasi ya kusoma Kiswahili chuo kikuu bila ufadhili wa serikali, familia ilikaa kikao. Baada ya kikao, bibi aliita mnunuzi wa mbao. Mnunuzi alikuja na kibali chake, vijana wawili na chenso. Mti uliosimama tangu kabla bibi hajaolewa ulilala chini kabla ya saa sita mchana.

Majirani walisema mengi. Nchini Uganda, Kiswahili kimebeba sifa mbaya kwa muda mrefu. Wazee wengi wanakikumbuka kama lugha ya wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani, lugha ya kuamrishwa kulala kifudifudi. Ni kweli kwamba mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini jirani yetu hakujali baraza la mawaziri. Alisimama kando ya gogo akasema kwa sauti ya kusikika, "Mvule mzima, ili msichana akasome lugha ya askari!" Bibi hakumjibu. Alikuwa anahesabu magogo.

Matawi ya juu hayakumvutia mnunuzi, hivyo yaliachwa tuyafanye kuni. Katika kuyakata ndipo nilipoiona okidi. Nilikuwa nimecheza chini ya mvule ule tangu utotoni na sikuwahi kujua kama kuna kitu kingine kinaishi huko juu. Juu ya tawi moja lenye unene wa mkono wangu palikuwa na kishada cha vijiti vya kijani vinavyoning'inia, virefu kama kiganja na zaidi kidogo. Kila kijiti kilikuwa kimefunikwa na majani manono, madogo kama ukucha wa kidole gumba, yaliyopangana na kulaliana katika safu mbili, kushoto na kulia, kama nywele zilizosukwa vizuri. Nilimwonyesha bibi. Aliinama akagusa mizizi iliyong'ang'ania gome, akasema, "Inashika kama vanila."

Bibi hakusoma botania, lakini alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Vanila pia ni okidi. Kila msimu wa maua bibi huamka alfajiri kwenda kuchavusha maua ya vanila moja moja kwa kijiti chembamba, kwa kuwa ua la vanila hufunguka siku moja tu, na likipitwa na asubuhi hiyo halizai. Mbinu hiyo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa mwenye umri wa miaka 12, na mpaka leo mashamba ya vanila duniani yanamtegemea yeye. Vanila hupandwa ikapewa mti wa kuparamia. Kwetu Mukono mti huo huwa mbono. Nilimuuliza bibi kama vanila inamla mbono. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama kuku ana meno. "Vanila haimli mbono," alisema. "Inamshika tu."

Baadaye, mwanafunzi mmoja wa idara ya botania aliutambua mmea wangu. Jina lake la kitaalamu lililozoeleka ni Angraecum distichum, ingawa siku hizi baadhi ya wataalamu wanauhamishia jenasi nyingine na kuuita Dolabrifolia disticha. Neno distichum linatokana na Kigiriki na maana yake ni safu mbili, ambalo ni jina la haki kabisa kwa mmea huu. Jenasi Angraecum ilipewa jina mwaka 1804 na Mfaransa Bory de Saint-Vincent, aliyelitoa kwenye neno la Kimalei "anggrek", ambalo Wamalei hulitumia kwa okidi. Spishi hii ilielezwa na Mwingereza John Lindley mwaka 1836. Nilifurahi kujua kwamba mmea wa mvule wa bibi una jina lililovuka Bahari ya Hindi, kama maneno mengi ya Kiswahili yalivyovuka. Kuhusu asili ya neno lenyewe "okidi", nalo ni la Kigiriki, lakini maana yake siwezi kuitaja mbele ya bibi, hivyo nitaiacha.

Kimaumbile mmea huu unaota katika misitu ya Afrika kuanzia upande wa magharibi mpaka Uganda, na kusini mpaka Angola. Ni mdogo, na ndiyo maana unaweza kufugwa hata katika chumba kimoja cha kupanga. Wanafunzi wenzangu wananiuliza mara kwa mara ninautunzaje, kwa hiyo nitaeleza kwa utaratibu.

Jambo la kwanza ni kutouweka kwenye udongo. Siku ile nilipata vipande vitatu. Kimoja kilibaki kwa bibi, na viwili nilikuja navyo Kampala, kila kimoja kikiwa juu ya kipande cha tawi lake. Binamu yangu, kwa moyo mwema kabisa, aliona kimoja hakina chungu, akakitafutia kopo la rangi, akajaza udongo mweusi wenye samadi, akakipanda na kumwagilia vizuri. Ndani ya wiki chache mizizi ilikuwa kahawia na laini kama wali uliolala. Mizizi ya okidi inayoota juu ya miti haikuumbwa kufukiwa. Imevikwa tabaka la nje lenye seli zilizokufa, lililo kama sponji, ambalo hunyonya maji ya mvua kwa haraka na kuyashika. Mzizi ukiwa mkavu huwa na rangi ya fedha. Ukiupulizia maji, unaugeuza kuwa wa kijani huku unatazama, kwa sababu sponji ile ikilowa huruhusu kijani kilichomo ndani kuonekana. Kijani hicho kinafanya kazi ileile ya jani. Huwezi kuuweka gizani chini ya samadi ukategemea ukushukuru.

Jambo la pili ni mwanga. Vitabu na makala nyingi za kutunza okidi zimeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, na husema uweke mmea kwenye dirisha la upande fulani, kisha majira ya baridi uupunguzie maji. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Mwezi wa sita jua la Kampala linapita upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linapita upande wa kusini, na baridi ya theluji hatuijui. Hivyo niliacha kutafuta dira, nikatumia kipimo kingine ambacho hakihitaji kitabu. Unaweka mkono juu ya mmea, umbali wa futi moja hivi. Kivuli cha mkono kikitokea kikiwa na kingo kali, jua ni kali mno. Kisipoonekana kabisa, ni giza. Kikionekana kama moshi, hapo panafaa. Katika nyumba ya shangazi mahali hapo ni dirisha la ukumbini linalotazama mashariki, lenye pazia jepesi. Okidi hii inapenda kivuli chenye nuru, kwa kuwa huko mvuleni ilikuwa ikifunikwa na majani ya juu yake.

Jambo la tatu ni maji. Okidi nyingine zina uvimbe chini ya majani ambamo huweka akiba ya maji. Hii haina uvimbe huo. Akiba yake iko kwenye majani manono na mizizi tu, kwa hiyo haivumilii kusahauliwa kwa muda mrefu. Natumia maji ya mvua niliyoyakinga kwenye jerikeni, kwa sababu hayana chumvi wala dawa za kusafishia. Shangazi ana saluni, na alinipa chupa ya kunyunyizia ambayo wateja walilowanishwa nywele kwayo kwa miaka. Niliisafisha mpaka harufu ya mafuta ya nywele ikatoka. Nanyunyiza asubuhi ili majani yakauke kabla ya usiku. Katika miezi ya mvua nanyunyiza mara moja, na katika kiangazi cha Januari na Februari mara mbili. Sihesabu siku. Natazama mizizi, na ikiwa na rangi ya fedha naelewa kwamba inaomba.

Jambo la nne ni hewa. Maji bila hewa ni kuoza. Mmea umening'inizwa kwa waya mahali ambapo upepo unapita mlango unapofunguliwa. Jambo la tano ni chakula, nacho ni kidogo mno. Kule juu ya mti okidi hupata vumbi, vinyesi vya ndege na majani yaliyooza yanayoteremshwa na mvua. Mimi natia mbolea ya maji robo ya kipimo kilichoandikwa, kila baada ya wiki mbili. Wakitokea wale wadudu weupe kama pamba, nawafuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha nasuuza. Hayo ndiyo yote. Kazi ya kuutunza mmea huu kwa siku haizidi dakika tano, ila dakika hizo haziwezi kulimbikizwa zikafanywa Jumapili.

Sasa nirudi kwenye neno nililoanza nalo. Jioni moja tukiwa mezani, mume wa shangazi aliutazama mmea wangu dirishani akasema, "Huo nao ni kimelea. Umekalia mgongo wa mwenzake, unakunywa maji, unapepewa, kodi haulipi. Kama wanafunzi wa chuo." Watu wote walicheka, na yeye alicheka kwa wema, kwani si mtu mbaya. Ndiye aliyenipa godoro. Lakini kuna utani ambao huwezi kuujibu kwa sababu una ukweli ndani yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku zangu zilikuwa zimepita mia tatu. Jembe langu ni kufagia saluni jioni na kuwafundisha watoto wawili wa jirani Kiswahili kila Jumamosi, na fedha ninayopata inatosha nauli na karatasi za kunakilisha. Chakula ni cha shangazi, na ada ni ya mvule.

Nilikaa na maneno yale, na jibu la kwanza lililonijia lilitoka kwa okidi. Tawi lililoibeba lilikatwa zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Ni kuni tu. Halina utomvu wala jani, na gome lake limeanza kuachana na mti. Lakini okidi imeongeza majani na mizizi mipya. Nyuma ya nyumba ya shangazi kuna mparachichi ambao umeota kimelea cha kweli, kile kichaka chenye majani tofauti na ya mti, ambacho ndege hukipanda kwa mbegu zinazonata. Hicho hutia mizizi yake ndani ya mti na kunyonya. Tawi lake likikatwa, nacho kinanyauka, kwa kuwa meza imeondolewa. Okidi yangu haikunyauka. Ilichokitaka kwa mvule ni mahali pa kusimama ili ifikie mwanga, na maji na chakula ilijitafutia hewani. Nilimweleza mume wa shangazi haya yote kwa mifano. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sawa, mwanasheria." Nililala vizuri usiku ule.

Ningeweza kuimalizia insha hapa, na ingekuwa na mafunzo yanayoeleweka. Lakini yule mwenzangu wa botania aliniharibia. Nilipomweleza kwa fahari kwamba okidi haili kwa mtu, alitabasamu akaniuliza, "Na mbegu yake je?"

Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi. Tunda moja linaweza kuwa na maelfu kwa maelfu, na upepo huzibeba mpaka kwenye matawi ya juu. Ni ndogo kwa sababu hazina akiba ya chakula. Mbegu ya haragwe au ya hindi hubeba posho yake ya safari, lakini ya okidi huondoka mikono mitupu. Ikitua kwenye gome haiwezi kuota mpaka ikutane na kuvu wa aina inayofaa. Kuvu huyo huingia ndani ya mbegu, na mbegu huanza kula kwake. Katika hatua hiyo haina jani wala mzizi, na chakula chote hutoka kwa kuvu. Aliyegundua jambo hili ni Mfaransa Noël Bernard, mwaka 1899. Kabla yake, watu wa Ulaya walikuwa wakinyunyizia mbegu za okidi chini ya mimea mama bila kuelewa kwa nini hapo tu ndipo huota. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu zinaweza kuoteshwa maabara bila kuvu, mradi zipewe uji mzito wenye sukari na madini. Kwa maneno mengine, kuvu akiondolewa lazima mtu mwingine alishe. Kwa kweli hakuna okidi iliyowahi kukua bila kulishwa kwanza.

Hapo utetezi wangu ulivunjika. Nilikuwa nimejenga hoja kwamba kuna viumbe wa aina mbili, wanaonyonya na wanaojitegemea, na kwamba mmea wangu na mimi tuko upande wa pili. Kumbe mmea unaojitegemea kiasi cha kuishi juu ya kuni kavu ulianza maisha kwa kula jasho la kuvu asiyeonekana. Kuhusu mimi hata sikuhitaji kuuliza.

Nilimpigia bibi simu. Sikujua namna ya kulianza jambo lenyewe, kwa hiyo nilimuuliza kama anamkumbuka mvule wake. Alisema anamkumbuka hasa saa nane mchana, kwa sababu kivuli chake kilikuwa kinafika kwenye mlango wa jiko saa hizo, na sasa anapika juani. Nilinyamaza. Kisha nikamuuliza kama hakuona uchungu kuuza mti wake kwa ajili yangu. Alichukua muda, nikadhani mtandao umekatika.

"Ule mvule sikuupanda mimi," alisema. "Niliukuta."

Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, akasema haya, lala.

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko mhadhara wowote. Bibi hakusema kwamba sina deni. Wala hakusema ninalipe kwake. Alisema tu kwamba hata yeye alipofika kwenye shamba lile akiwa bibi harusi, mti ulikuwa umeshasimama, na aliyeupanda au kuuacha uote hakuwepo kudai. Aliketi kwenye kivuli chake kwa zaidi ya miaka hamsini. Sasa nafikiri swali la mume wa shangazi lilikuwa zuri, ila lilikuwa limeulizwa mapema mno. Ukimuuliza mche wa okidi wa miezi sita unakula kwa nani, jibu ni aibu tupu. Swali linapaswa kuulizwa baadaye, mmea ukishatoa majani: je, bado unakula kwa mwingine, au sasa umeshika tu?

Na hapa naiona pia hali ya lugha tunayoisoma. Katika nchi yetu Kiswahili bado ni mche. Kinalishwa na sheria, na matamko, na siku ya tarehe 7 Julai ambapo tunavaa kanga na kukariri ngonjera. Watu wanaosema kwamba kinategemea serikali hawasemi uongo. Lakini Jumamosi iliyopita mmoja wa watoto ninaowafundisha, mwenye umri wa miaka 9, alimtania mwenzake kwa Kiswahili wakati mimi nimetoka kuchukua chaki. Hakuna aliyemwamuru. Nilisimama nje ya mlango kidogo kabla ya kuingia.

Okidi ilichanua kwa mara ya kwanza mwezi wa nne mwaka huu, katikati ya mvua. Maua hutoka moja moja kwenye makwapa ya majani. Ni meupe, hayafiki sentimita moja kwa upana, na kila moja lina kijimkia kifupi nyuma. Jamaa yake wa Madagaska, Angraecum sesquipedale, ana mkia wa takriban sentimita 30, na ni ua hilo lililomfanya Charles Darwin atabiri mwaka 1862 kwamba lazima kuna nondo mwenye ulimi mrefu wa kulifikia. Nondo huyo alielezwa na wataalamu mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki. Maua yangu hayana mkia wa kustaajabisha wanasayansi, lakini yana harufu tamu. Mume wa shangazi aliingia jioni akauliza nani amemwaga manukato. Nilimwonyesha. Aliinama, akanusa, akasema, "Basi hiyo ndiyo kodi." Tangu hapo, nikiwa na mitihani, ni yeye anayejaza chupa ya maji.

Kwa wenzangu mtakaotamani kuwa na okidi kama hii, nina ombi moja. Msiende kuibandua msituni. Biashara ya okidi zote kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na hata bila sheria hiyo, mmea uliochukua miaka kukua juu ya tawi hauwezi kurudishiwa kuvu wake. Angalieni matawi yaliyoanguka kwenye mashamba yenu baada ya dhoruba, au miti inayokatwa kwa kibali, kabla kuni hazijafika jikoni. Vipo vingi vinavyochomwa kila siku bila mtu kuvitazama.

Kipande kilichobaki kwa bibi sikukieleza bado. Siku ile mvule ulipokatwa, alikichukua akakifunga kwa kamba ya mgomba kwenye mfenesi ulio karibu na jiko, kisha akaendelea na shughuli zake. Hajawahi kukinyunyizia maji wala kukitia mbolea. Nilipokwenda likizo ya mwisho nilikikuta kimekuwa kikubwa mara mbili ya cha kwangu. Mizizi yake imesambaa kwenye gome la mfenesi, na ile kamba ya mgomba imeoza ikadondoka. Kisiki cha mvule nacho kimetoa machipukizi manne. Bibi ameyakata matatu na kuliacha moja lililonyooka, akalizungushia miiba ili mbuzi wasilifikie.